Kaburi Katika Uwanja wa Kanisa: Nani Mwenye Amri?

Baba yangu mdogo alikuwa sajini. Alipozikwa katika uwanja wa kanisa la kwao, wanawe walichanga fedha wakanunua vigae vyeupe, nondo za uzio, na picha yake kubwa akiwa katika sare. Fundi alipofika, wazee wa kanisa walimzuia mlangoni. Hawakuonyesha karatasi yoyote, walisema tu, "Haturuhusu." Huu ni mwaka wa pili wa ugomvi huo, na vigae vingali ghalani kwa shangazi.

Wengi wetu hapa Uganda huzikana katika ardhi ya ukoo, ambako mwenye kusema ni mkuu wa ukoo. Uwanja wa kanisa ni jambo jingine. Kwa kuwa Kanisa la Uganda lina asili yake katika Kanisa la Uingereza, nilitaka kujua wenyewe huko wanafanyaje.

Huko Uingereza kila mkazi wa parokia ana haki ya kuzikwa katika uwanja wa kanisa lake, maadamu nafasi ipo na uwanja haujafungwa, wala haulizwi dini yake. Lakini haki ya kuzikwa si haki ya kuweka jiwe. Jiwe huhitaji idhini. Mwenye mamlaka ni hakimu wa dayosisi, ambaye humkabidhi kasisi ruhusa ya kukubali mawe ya kawaida peke yake. Anayetaka lisilo la kawaida sharti apeleke maombi yake kwa hakimu huyo. Jiwe ni mali ya familia. Ardhi iliyo chini yake si yao.

Vipimo hutofautiana kidogo baina ya dayosisi. Mahali pengi jiwe halizidi futi nne kwenda juu na futi tatu kwa upana. Mara nyingi familia hutakiwa kungoja miezi sita hivi kabla ya kulisimika, ili udongo ushikamane, kwani jiwe lililosimikwa mapema huinama na laweza kumwangukia mtoto. Ukingo wa saruji, uzio, kokoto za rangi, picha, mawe meusi yaliyong'arishwa na maua ya plastiki kwa kawaida hukataliwa. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: mkata nyasi apate kupita. Binamu zangu hawakupenda kusikia hayo, maana orodha hiyo ni kama hati ya manunuzi yao.

Hata maneno hukaguliwa. Mwaka 2020, karibu na mji wa Coventry, familia yenye asili ya Ireland iliomba kuchonga kwa Kiirishi, juu ya kaburi la mama yao, maneno yenye maana ya "mioyoni mwetu milele". Hakimu wa dayosisi alikataa yasiandikwe bila tafsiri ya Kiingereza, akihofu kwamba wasioielewa lugha hiyo wangedhani ni siasa. Familia ilikata rufaa, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya kanisa ikawapa ruhusa. Nadhani hakimu wa kwanza alikosea. Mama huyo hakuwa amezikwa kwa ajili ya wapita njia.

Askari wamo pia katika viwanja hivyo, chini ya mawe ya tume iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita. Mawe hayo yana kimo kimoja, kama sentimita 81, na afisa hupewa jiwe sawa na la askari wa chini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza familia nyingi ziliruhusiwa kuongeza maneno yao, yasizidi herufi 66. Mawe ya tume hiyo hiyo yapo hata Jinja.

Lakini sheria hiyo nzuri haikuwafikia wote. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao ni wapagazi wa Afrika ya Mashariki, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Hao hawakupata hata jiwe la kubishaniwa.

Mwezi uliopita niliwaandikia wazee wa kanisa letu nikiomba kanuni zao ziandikwe na kubandikwa mlangoni, ili mfiwa azisome kabla hajafika dukani. Walijibu kwamba watakutana. Binamu zangu wamekubali kuuza nondo; juu ya picha bado wanabisha. Mama mdogo, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza, anataka jiwe moja fupi lenye jina, namba ya jeshi, na maneno machache ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo marehemu alimposea kambini.