Homoni hukuza kondoo upesi, ila zina gharama

MFUGAJI anayenenepesha wanakondoo kwa ajili ya soko hutaka mambo mawili: wakue upesi, na nyama yao isijae mafuta.

Nchini Marekani, sheria inaruhusu wanakondoo hao wapewe zeranoli, dawa inayofanya kazi mwilini kama homoni ya kike. Asili yake ni sumu ya ukungu unaoshambulia mahindi. Kidonge cha miligramu 12 hupachikwa chini ya ngozi ya sikio, nacho huyeyuka polepole. Mwili huchochewa kutoa homoni zaidi za ukuaji, na sehemu kubwa ya lishe hugeuka minofu badala ya mafuta.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Korodani za dume changa huweza kudumaa, na uzazi wa jike kuvurugika. Ndiyo maana wanyama wa kuzalisha hawapaswi kupewa dawa hiyo.

Soko nalo hufungwa. Tangu Januari 1989, Ulaya imekataa nyama ya mifugo iliyokuzwa kwa homoni, ikihofia afya ya walaji. Marekani ilipeleka malalamiko katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1996, lakini marufuku ingalipo.

Ipo njia nyingine isiyohitaji kidonge. Dume asiyehasiwa hukua upesi na kuwa na mafuta machache kuliko aliyehasiwa, kwani homoni za mwili wake mwenyewe humfanyia kazi hiyo. Akichinjwa angali mchanga, mfugaji hupata minofu bila kujifungia soko.