Gari la mtumba: Taa isiyowaka nayo ina bei yake

Na Mwandishi Wetu

WANUNUZI wengi wa magari yaliyotumika hukagua rangi, matairi na viti, kisha huanza kupatana bei. Ni wachache wanaokumbuka kutazama dashibodi kabla injini haijawashwa, ilhali hapo ndipo gari lenyewe linapoeleza, bila msaada wa dalali, gharama zinazomsubiri mmiliki mpya.

Katika soko la magari ya zamani, taa ya tahadhari inayowaka hushusha bei papo hapo. Kwa sababu hiyo muuzaji asiye mwaminifu hushawishika kuzima taa badala ya kutengeneza hitilafu. Kung'oa globu, kubandika utepe mweusi nyuma ya dashibodi, au kuunganisha waya wa taa yenye matatizo na waya wa taa nyingine ni kazi ya muda mfupi. Gharama ya matengenezo inabaki pale pale, ila sasa imehamia mfukoni kwa mnunuzi.

Kanuni ya kwanza kwa mnunuzi ni hii: taa inayowaka ni ya kupatania bei, taa isiyowaka kabisa ni ya kuogopa.

Kipimo cha nusu dakika

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, gari ambalo bado linaonekana kwa wingi barabarani. Injini ikiwa imezimwa, mnunuzi azungushe ufunguo hadi ON bila kupiga stata. Taa nyekundu ya oili, taa ya betri na taa yenye picha ya injini lazima ziwake zote. Taa ya breki huwaka kama handibreki imevutwa.

Kama gari lina breki za ABS na eabegi, taa zake nazo huwaka, lakini hujizima zenyewe hata kama injini haijawashwa. Ya ABS huzimika baada ya takriban sekunde tatu na ya eabegi baada ya takriban sekunde sita. Taa za oili na betri hazizimiki mpaka injini ingurume.

Tofauti hiyo ndiyo inayofichua ujanja. Ikiwa taa ya eabegi inasubiri injini iwake ndipo izimike pamoja na ya oili, kuna uwezekano mkubwa kwamba waya wake umeunganishwa na wa oili ili mnunuzi aone taa "nzima". Eabegi kama hiyo huenda haipo kabisa.

Taa nyingine huwatisha watu bila sababu. Ile ya O/D OFF katika gari la gia za otomatiki huwaka kwa sababu kitufe cha pembeni ya gia kimebonyezwa. Kibonyezwe tena izimike. Lakini ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, hiyo ni taarifa ya hitilafu ya gia boksi, na mazungumzo ya bei yaanze upya.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa pia na taa yenye maandishi ya Kijapani ambayo haimo katika vitabu vya Kiingereza. Hiyo huonya kwamba moshi wa egzosi umepata joto kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hutokana na plagi kutochoma vizuri, hivyo petroli mbichi huenda kuungulia ndani ya egzosi.

Nyekundu ni kusimama

Rangi za taa zina maana moja karibu katika magari yote. Kijani na bluu ni taarifa tu. Njano ni kwenda kwa fundi mapema. Nyekundu ni kusimama.

Taa nyekundu ya oili ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Wengi hudhani inaonyesha kiasi cha oili kilichomo, kumbe inapima msukumo wake. Swichi yake huwasha taa pale tu msukumo unapokuwa umeshuka sana, kwa hiyo taa ikiwaka injini inazunguka karibu chuma kwa chuma. Dereva azime injini mara moja, asubiri dakika chache, kisha atoe stiki na kupima oili.

Oili ikiwa imepungua, iongezwe na inakovuja patafutwe. Ikiwa imejaa, gari lisiendeshwe. Fundi afungue swichi na kufunga geji ya kupimia msukumo. Geji ikionyesha msukumo wa kawaida, kilichokufa ni swichi, na bei yake haifikii nusu tangi la petroli. Geji ikionyesha msukumo mdogo, tatizo ni pampu, chujio lake au beringi za krenki zilizolika. Mnunuzi akiona taa hii inapepesa injini ikiwa ya moto na iko sailensa, ajue anauziwa injini inayokaribia kufunguliwa.

Taa ya betri nayo haisemi kwamba betri imekufa, bali kwamba haichajiwi. Betri nzima iliyopumzika hupima takriban volti 12.6, injini ikiwa inafanya kazi kipimo kinapaswa kupanda kufikia kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, kwanza utazamwe mkanda, kisha alteneta. Katika injini za 4A na 5A za Toyota mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, hivyo ukikatika, injini itachemka muda si mrefu.

Kuhusu kuchemka, ipo hatari ambayo geji haiioni. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na sindano inaweza kushuka, dereva akadhani mambo yametengemaa huku silinda hedi ya aluminiamu ikipinda. Magari madogo kama Vitz na Passo hayana sindano kabisa: yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikipata joto kupita kiasi. Mnunuzi ahakikishe zote mbili zinafanya kazi, na asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Taa ya breki ikiwaka wakati handibreki imeshushwa, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua. Hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo kuongeza mafuta bila kukagua pedi na mipira ya magurudumu ni kuficha tatizo.

Kuhesabu mapigo ya taa

Taa ya injini yenye rangi ya njano ndiyo inayowaliza wengi fedha, kwa kuwa fundi asiye na kipimo hubadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II katika magari mapya ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli 2004. Gari la Japani la miaka ya 1990 linaweza kuwa na lugha yake ya kiwandani, na mashine ndogo ya bei nafuu isipate jibu lolote.

Hata hivyo Toyota nyingi za miaka hiyo husomeka bila mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko. Ufunguo ukiwa umezimwa, matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha ufunguo huwekwa ON bila kuwasha injini. Taa ikipiga mfululizo kwa mwendo sawa, kompyuta haina kumbukumbu ya hitilafu. Ikipiga mara mbili, ikatua, ikapiga mara moja, hiyo ni namba 21, yaani mzunguko wa sensa ya oksijeni. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, na 41 ni sensa ya throto. Matundu yasikosewe, kwani kosa moja linaweza kuunguza kompyuta.

Namba hutaja mzunguko wenye tatizo, si lazima kifaa chenyewe. Waya uliokatwa na panya hutoa namba ile ile inayotolewa na sensa iliyokufa. Waya upimwe kwanza, spea inunuliwe baadaye.

Mnunuzi akumbuke pia kwamba kumbukumbu hiyo hufutika kwa kuchomoa fyuzi ya EFI au betri. Muuzaji anaweza kufanya hivyo asubuhi na mteja akaja mchana. Dawa yake ni kuliendesha gari nusu saa au zaidi, pamoja na mlima na foleni, kabla ya kutoa malipo ya awali.

Katika Toyota za dizeli kama Prado na Hilux Surf zenye injini ya 1KZ, taa ya T-BELT huwaka odometa inapofikisha kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea soko la gari, kudai mkanda wa taimingi ubadilishwe. Gari linaloonyesha kilomita 80,000 na taa hiyo inawaka lina maswali ya kujibu: ama taa imechezewa, ama odometa imerudishwa nyuma.

Hesabu ya siku

Kwa mwenye teksi hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa anayeiona taa si yeye. Dereva aliyepewa gari kwa hesabu hutakiwa kuleta kiasi kile kile kila jioni. Taa ya oili ikiwaka saa nane mchana, kusimama ni kukosa hesabu na pengine kukosa kazi. Kuendelea ni kuua injini ya mtu mwingine. Wengi huendelea.

Lawama hapo si ya dereva peke yake. Mwenye gari anayetaka injini yake idumu hana budi kukubaliana na dereva tangu mwanzo kwamba siku taa nyekundu inapowaka, gari linasimama na hesabu ya siku hiyo haidaiwi. Asubuhi kabla ya kukabidhi ufunguo, wazungushe ON pamoja na kuzihesabu taa zote.

Hesabu ya siku moja iliyosamehewa hurudi kwenye safari chache za kesho. Injini iliyokufa hulisimamisha gari kwa wiki kadhaa, na muda wote huo mwenye mali na dereva hawaingizi chochote.