Buluu au Zambarau? Mwamuzi ni Nuru

Mwenye nyumba wa Usangi, katika milima ya Upare, akilinganisha mchana vibao viwili vilivyopakwa rangi, kimoja buluu na kingine zambarau inayokaribia buluu, huenda asione tofauti kubwa. Usiku, mbele ya taa ya chemli, tofauti hujitokeza. Kwa nini?

Rangi ya ukutani haina nuru yake yenyewe. Hurudisha tu sehemu ya nuru inayoiangukia. Buluu hurudisha zaidi mawimbi mafupi, yapatayo nanomita 450 hadi 490. Zambarau hurudisha mawimbi mafupi pamoja na yale mekundu, yanayozidi nanomita 620. Nuru ya anga ina buluu nyingi. Mwali wa chemli una nyekundu nyingi na buluu haba. Hivyo usiku buluu hufifia na kukaribia weusi, ilhali zambarau huelekea wekundu.

Ukuta ukishapakwa, fedha imekwisha kutoka. Yafaa basi kupaka kwanza ubao mdogo, kuungoja ukauke, kisha kuutazama ndani ya chumba chenyewe: asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa taa itakayotumika. Darasani, karatasi mbili za rangi na mshumaa zatosha kulithibitisha jambo hili.