Msuli wa tumbo ukivutika, usikimbilie gunia

Msimu wa mahindi ukifika Isongole, wilayani Ileje, kazi ya kupakia na kupakua haina saa. Gunia la kilo 100 linatoka chini hadi begani, kisha juu ya fuso. Baba aliyeliinua huku amejipinda anahisi kitu kimemchoma tumboni. Jioni kukohoa ni shida, kucheka ni shida, na mtoto akimrukia anaruka yeye kwa maumivu.

Mara nyingi hapo msuli wa tumbo umevutika na baadhi ya nyuzi zake zimechanika. Nyumbani atachuliwa kwa nguvu, au ataambiwa alale wiki nzima. Yote mawili humchelewesha. Siku mbili za kwanza jeraha bado bichi. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 kinatosha, pamoja na kutembeatembea taratibu.

Maumivu yakitulia, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa mdomo huku ukivuta kitovu ndani kidogo. Hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Linaonekana zoezi la kitoto, lakini ndilo linaloamsha misuli ya ndani inayoshikilia mgongo. Siku likiwa halikuumi tena, ongeza kutelezesha kisigino mbele na kukirudisha, mguu mmoja mmoja. Baadaye, kuinua makalio kidogo. Likiuma, rudi kwenye lile la mwanzo. Kitandani nako usinyanyuke moja kwa moja: geukia ubavu, jisukume kwa mikono.

Jeraha dogo hupona kwa wiki mbili au tatu, kubwa huchukua sita au zaidi. Kinachowaponza wengi ni kwamba maumivu huisha kabla msuli haujapata nguvu, na kibarua hulipwa kwa siku. Anza na nusu ndoo ya maji. Gunia libebeni wawili.

Ila kama kuna uvimbe unaojitokeza ukikohoa, huenda ni ngiri, yaani henia. Homa, kutapika, au maumivu yanayohamia chini upande wa kulia yanaweza kuwa kidole tumbo. Hapo hakuna zoezi wala kuchua; nenda hospitali ya wilaya, Itumba, siku hiyohiyo.