Fahamu: Kwa nini udongo wa Kindu una asidi

Mvua nyingi za Kindu, kando ya mto Lualaba, huosha kalisiamu na magnesiamu ardhini, na udongo mwekundu hubaki na asidi. Kipimo chake ni pH: 7 ni katikati, na ikishuka kutoka 6 hadi 5, asidi imeongezeka mara 10.

Chini ya 5.5 aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Muhogo huvumilia, maharage huteseka.

Ndiyo maana shamba lililochomwa msituni huzaa vizuri mwanzoni: majivu hupunguza asidi, lakini mvua za miaka michache huyamaliza. Mpunga wa bondeni una nafuu, kwani maji yakituama pH hupanda yenyewe kuelekea 7.

Asiye na chokaa ya kupunguza asidi asitupe majivu ya jikoni. Ayatawanye kidogo kidogo, ayachanganye na udongo kabla ya kupanda maharage.