Nusu ya Fomu Isiyorudi Rhamu

Nchini Kenya, fomu ya rufaa ya jamii, MOH 100, ni karatasi yenye sehemu mbili. Ya juu hujazwa kijijini mgonjwa anapopelekwa hospitali: jina, umri, kilichomsibu, alichopewa kabla ya kuondoka. Ya chini ni ya safari ya kurudi. Aliyemtibu anatakiwa aandike jina la mhudumu wa afya ya jamii aliyemtuma mgonjwa, atie alama kuonyesha kama amempigia simu au la, kisha aeleze mgonjwa afanyiwe nini akifika nyumbani. Maelezo hayo yameachiwa mistari: moja, mbili, tatu. Kisha sahihi na muhuri.

Mistari hiyo imeninyima raha. Aliyebuni fomu alijua kwamba mgonjwa akitoka wodini ugonjwa haujaisha, kazi imehamia kwa mwingine. Alimkumbuka hata mtu wa kijijini wa kupigiwa simu. Lakini katika fomu nilizoonyeshwa Rhamu, kaunti ya Mandera, sehemu ya juu imejaa wino na ya chini ni nyeupe pe.

Mwenye fomu hizo ni mama anayehudumu katika vijiji vya kando ya mto Daua, aliyeomba nisimtaje jina. Ni mmoja wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja waliokabidhiwa mikoba ya kazi serikali ilipozindua mpango wao Septemba 2023. Mkobani ana mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Anasema anachokipeleka hospitali anakijua. Kinachorudi ndicho asichokijua.

Akaniambia habari za mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Alilazwa Mandera mjini, kilomita 80 hivi kutoka Rhamu, na aliporudi hakuna aliyempasha mhudumu habari. Alisikia kisimani kwamba mzee yuko nyumbani. Alipofika alikuta dawa zimetandazwa mkekani: za presha alizokuwa akimeza tangu zamani, na nyingine za presha zilizotoka hospitali. Familia ilikuwa ikimpa zote, kwa nia njema kabisa, maana nani athubutu kumnyima baba dawa ya daktari? Mzee kila akiinuka anashikwa na kizunguzungu. Mama akampima, akakuta presha imeshuka mno. Karatasi ya hospitali ilikuwepo, imekunjwa ndani ya mfuko wa dawa, imeandikwa Kiingereza. Mzee na mkewe huzungumza Kisomali.

Mama yule hana mamlaka ya kusimamisha dawa. Alichoweza ni kupiga simu huku na huku hadi akampata muuguzi wa kumwelekeza. Pesa ya simu ilitoka mfukoni mwake. Mstari mmoja tu wa ile fomu, wa kusema ipi iachwe na ipi iendelee, ungetosha.

Mama huyo hamlaumu daktari. Anadhani huenda aliyemruhusu mzee hakuiona fomu hata kidogo. Iliishia mapokezi, au ilibaki kwa kijana aliyemsindikiza baba yake. Kweli, wodi ikiwa imejaa na muuguzi ni mmoja, karatasi ya kijijini itakumbukwa na nani?

Sheria tunazo. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya ile ya NHIF. Yote hayo hayajibu maswali anayoulizwa mama huyu mlangoni. Dawa ya mara tatu kwa siku itamezwaje Ramadhani, na mzee amekataa kula mchana? Insulini ihifadhiwe wapi kwenye joto hili bila friji? Siku ya kliniki ikifika na Daua imefurika, kama ilivyofanya Novemba 2023, nani atampeleka? Na familia ikihama na ngamia wake kufuata malisho, mgonjwa anakuwa wa mhudumu gani? Nilimuuliza hili la mwisho. Alinyamaza, akaendelea kupanga karatasi zake.

Nina ombi kwa wakuu wa wodi: mgonjwa mzee asiruhusiwe kabla mistari ile mitatu haijajazwa na simu haijapigwa. Nawe unayemtoa mzazi wako hospitalini wiki hii, usiondoke na risiti na mfuko wa dawa peke yake. Uliza dawa ipi iendelee na ipi iachwe, dalili gani ikitokea arudishwe haraka, na nambari ya kupiga mambo yakiharibika. Uandikiwe kwa lugha mnayoisoma nyumbani, kisha umpelekee mhudumu wa kijiji chenu karatasi hiyo siku hiyo hiyo.