Kocha aliyekaa chuo kimoja miaka 56: Ubaguzi ulimletea wachezaji, usawa ukamnyang'anya

Sir Alex Ferguson alikaa Manchester United karibu miaka 27 na dunia nzima ikashangaa. Huko Marekani kuna kocha aliyekaa timu moja miaka 56. Anaitwa Eddie Robinson. Aliajiriwa mwaka 1941 akiwa kijana wa miaka 22, akaondoka 1997 akiwa mzee wa miaka 78.

Timu yake ilikuwa ya chuo cha Grambling, kilichopo kwenye mji mdogo kaskazini mwa jimbo la Louisiana. Mchezo wenyewe si soka. Ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Katika muda huo wote alishinda mechi 408, akapoteza 165 na kutoka sare 15. Anastaafu, hakuna kocha mwingine wa vyuo Marekani aliyekuwa na ushindi mwingi kiasi hicho.

Ushindi huo ulitoka wapi? Hapo ndipo inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye sheria za ubaguzi wa rangi.

Marekani hakuna akademi za klabu kama zile za Barcelona au Ajax. Mchezaji anapita chuoni kwanza, halafu ndiyo anachukuliwa na timu za ligi kubwa ya kulipwa, NFL. Sasa, vyuo vikubwa vya majimbo ya Kusini havikupokea weusi. Kijana mweusi wa Louisiana, hata awe na kipaji cha namna gani, hakuruhusiwa kuvaa jezi ya chuo kikuu cha jimbo lake. Zilibaki njia mbili: kwenda mbali kaskazini, au kujiunga na chuo cha weusi. Grambling kilikuwa mojawapo.

Robinson mwenyewe alilelewa ndani ya mfumo huo huo. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno, mama yake alifanya kazi za ndani. Alisoma Leland, chuo kidogo cha weusi, na baada ya hapo akaishia kwenye mashine ya kusaga chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, kwa malipo ya senti 25 kwa saa.

Mwaka 1941 rais wa chuo cha Grambling, Ralph Waldo Emerson Jones, akampa kazi ya ukocha kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Jones mwenyewe, pamoja na kuongoza chuo, alikuwa pia kocha wa besiboli. Ndivyo vyuo vya weusi vilivyoishi: mtu mmoja, kofia tatu.

Robinson naye hakuwa na wasaidizi wa kutosha. Alikata nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu, na mechi ikiisha akaandika mwenyewe habari za kupeleka magazetini. Timu ikisafiri alitengeneza mikate ya kula njiani, maana migahawa mingi ya barabarani isingewahudumia.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 na kupoteza 5. Msimu wa pili, 1942, alishinda zote 9 bila kuruhusu hata pointi moja. Kwa wasioujua mchezo huu: pointi humiminika kwa makumi, kwa hiyo kumaliza msimu bila kufungwa kabisa ni jambo la ajabu.

Vita Kuu ya Pili ikasimamisha timu ya chuo kwa misimu miwili, akahamia kwa muda kwenye sekondari ya hapo hapo. Kuna kisa cha wakati huo kinachosimuliwa mpaka leo. Mzazi mmoja aliwazuia vijana wake kwenda kucheza kwa sababu pamba ilikuwa bado shambani. Robinson hakubishana. Alichukua timu nzima, wakaingia shambani, wakachuma pamba mpaka kazi ikaisha, vijana wakapata ruhusa.

Alfajiri alipita mabwenini akigonga kengele, aina ile wanayofungwa ng'ombe shingoni, kuwaamsha wachezaji waende darasani. Kwenye safari walivaa suti na tai. Aliwafundisha hata namna ya kukaa mezani na kushika kisu na uma. Wapo waliomwona amepitiliza. Lakini alijua watoto wake wakitoka pale watapimwa kwa kila kitu, siyo kwa mbio zao tu.

Mwaka 1949 mmoja wao, Paul "Tank" Younger, alisajiliwa na Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza NFL. Robinson alimweleza waziwazi uzito wa safari ile: akishindwa, wazungu watasema walimchukua aliye bora kuliko wote na bado hakuweza, na mlango unaweza kufungwa kwa muda mrefu. Younger hakushindwa.

Baada yake wakafuata wengine, na hesabu ikapita 200. Wanne kati yao, Willie Davis, Buck Buchanan, Willie Brown na Charlie Joiner, wamo kwenye jumba la heshima la NFL. Timu nzima ikawa maarufu. Mwaka 1968 ilicheza na Morgan State ndani ya Yankee Stadium, New York, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Mwaka 1976 timu hizo hizo zilipeleka mechi yao hadi Tokyo, Japani.

Nafasi moja tu ilibaki ngumu: kwotabeki, yule anayepanga mashambulizi na kurusha mipira. Timu za NFL ziliwachukua weusi kwa mbio na nguvu, ila nafasi ya "kufikiri" zilimpa mzungu. Kwotabeki mweusi akifika huko alihamishiwa nafasi nyingine, hata kama chuoni alikuwa moto wa kuotea mbali.

Robinson aliamua kulivunja hilo kwa makusudi. Alimchukua James Harris, akamchezesha kwa mfumo wa timu za kulipwa ili afike akiwa tayari. Mwaka 1969 Harris alianza mechi ya kwanza ya msimu kama kwotabeki wa Buffalo Bills, jambo ambalo hakuna mweusi aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Halafu akaja Doug Williams. Januari 1988, kwenye fainali ya Super Bowl, Williams aliongoza Washington kuichapa Denver 42-10. Pasi zake 4 ndani ya robo moja tu zilizaa alama, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza fainali hiyo na wa kwanza kuishinda.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 1985, Robinson alifikisha ushindi wa 324 mjini Dallas na kumpita Bear Bryant, kocha mzungu wa Alabama aliyekuwa anaabudiwa Kusini kote. Maneno yakaanza: eti Robinson kavifunga vyuo vidogo tu. Ni kweli hakucheza na vikubwa. Ila kwa sehemu kubwa ya kazi yake, vyuo vikubwa vya Kusini havikukubali kucheza na weusi, na Alabama ya Bryant haikuchezesha mtu mweusi mpaka mwaka 1971.

Na mwaka huo 1971 ndipo hesabu za Grambling zinapoanza kubadilika, ingawa polepole. Vyuo tajiri vilipofungua milango, vilikuja na viwanja vikubwa, televisheni na ufadhili usiolinganishwa na wa Grambling. Kijana ambaye zamani angekwenda kwa Robinson kwa kukosa pengine, sasa alibembelezwa na Alabama na LSU. Kitu ambacho Robinson alikitaka maisha yake yote, weusi kuchukuliwa sawa na wengine, ndicho kilichomwondolea wachezaji.

Makali hayakuisha siku moja. Mwaka 1995 alifikisha ushindi wa 400, wa kwanza kufika hapo. Lakini misimu yake mitatu ya mwisho alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na mwishoni mwa 1996 wapo waliotaka aondoke mara moja. Watu wakaja juu, hata gavana wa jimbo akaingilia kati, akapewa mwaka mmoja wa kuaga. Mechi ya mwisho, dhidi ya mahasimu wao Southern mjini New Orleans, alifungwa.

Kiti chake kilichukuliwa mwaka 1998 na Doug Williams, yule yule wa Super Bowl.

Robinson aliugua Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, na akafariki tarehe 3 Aprili 2007. Mwili wake uliwekwa kwenye jengo la bunge la Louisiana, mjini Baton Rouge, watu wakapanga foleni kumuaga.

Rekodi yake ya jumla ilishavunjwa mwaka 2003 na John Gagliardi wa chuo kidogo cha St. John's, Minnesota, aliyefikia 489 kabla ya kustaafu. Kwa vyuo vya daraja la juu mambo yakawa na mkanganyiko. Joe Paterno wa Penn State alimpita Robinson mwaka 2011, lakini mwaka 2012 akafutiwa ushindi 111 kutokana na kashfa ya msaidizi wake wa zamani aliyewadhulumu watoto kingono, Robinson akarudi kileleni. Januari 2015 Paterno, aliyekuwa ameshafariki, akarudishiwa ushindi wake wote. Jumla ilifika 409, mmoja zaidi ya Robinson.